Mtoto Anayeficha Ugali Chini ya Mto

Leo nazungumza nawe mlezi: mama, baba, shangazi, au bibi uliyepokea wajukuu baada ya vita. Labda uko kambini Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, labda kijijini karibu na mpaka.

Umepakua ugali na maharage. Mtoto mmoja anameza bila kutafuna, na usiku unakuta tonge kavu chini ya mto wake. Dada yake wa miaka 14 anasema ameshiba kabla hajaonja. Siku nyingine anakula hadi tumbo linamuuma, kisha anakwenda nyuma ya choo kujitapisha. Unakasirika: mgao wenyewe hautoshi, nao wanauchezea! Hasira hiyo naielewa. Lakini weka fimbo chini kidogo, nisikilize.

Kwanza mpeleke zahanati. Minyoo, malaria, kifua kikuu na vidonda vya mdomoni huondoa hamu ya kula, na vyote vina dawa. Wakishampima wasione ugonjwa, jiulize mtoto huyu alipitia nini.

Wengi hudhani matatizo ya ulaji ni ya wasichana wa mjini wanaotaka wembamba wa kwenye picha. Hao wapo. Lakini mtoto aliyekimbia msituni siku nyingi bila kula, mwili wake umejifunza kwamba chakula hutoweka. Anapoficha tonge anajiwekea akiba, haibi. Naye aliyebakwa au kuteswa alinyang'anywa mamlaka juu ya mwili wake, na kinywa chake huenda kikawa mlango pekee anaoweza kuufunga mwenyewe. Mwingine hula kupita kiasi kwa sababu tumbo likijaa sana, hofu hutulia kwa muda.

Katika miaka ya 1980, huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti alikuwa akiwatibu watu wenye unene uliokithiri. Alishangaa kuona wengi wanaacha matibabu wakati ambapo uzito unapungua vizuri. Alipowauliza juu ya maisha yao, wengi walieleza kwamba walinajisiwa utotoni. Kwa baadhi yao unene ulikuwa ngao: mtu mnene hatazamwi sana na wanaume. Daktari alikuwa anaondoa kitu walichokitegemea kuwalinda, bila kujua. Baadaye, yeye na mwenzake Robert Anda waliwahoji watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu mateso ya utotoni. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1998, yakaonyesha kwamba mateso hayo humfuata mtu hadi ukubwani, katika afya ya mwili na ya akili.

Si kila mwenye tatizo la ulaji aliumizwa. Kurithi kumo, njaa yenyewe imo, na dhihaka juu ya umbo la mtu imo pia. Hata hivyo, kwa aliyeumizwa, kuhimiza sahani peke yake hakutoshi. Wala mazungumzo peke yake hayatoshi, maana mwenye njaa kali hana nguvu ya kufikiri mambo mazito. Mwili na moyo vitibiwe pamoja. Na aliyekaa siku nyingi bila kula asishindiliwe chakula kingi ghafla, kwani chumvi za damuni zinaweza kushuka hadi moyo ukashindwa kufanya kazi. Aanze kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Akizimia, miguu ikivimba, akishindwa kubakiza hata maji tumboni, au akisema anataka kufa, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.

Nyumbani, usimkamate mikono na kumsukumia tonge. Kwa mtoto aliyewahi kukamatwa kwa nguvu, hilo ni tukio lilelile limerudi. Kuleni pamoja, saa ileile kila siku. Anayeficha, mpe kopo lake lenye kifuniko, umwekee kiporo kidogo au kipande cha muhogo ambacho hakuna atakayekigusa. Na ile salamu yetu ya "umenenepa!", ambayo kwetu ni sifa, kwake iache. Mwili wake usiwe habari ya watu.

Usimchimbe akusimulie. Akianza mwenyewe, sikiliza, mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Kisha mfikie mshauri nasaha au mhudumu wa ulinzi wa mtoto. Kama humjui, muulize muuguzi wa zahanati.

Neno moja kwa wazee. Aliyemuumiza mtoto akiwa ndugu, msiketi mkamalizana kwa mbuzi au kwa fedha. Mtoto anayelazimika kunawa na kula sinia moja na mtu huyo hawezi kupona, hata mshauri awe hodari namna gani. Atenganishwe naye kwanza, leo, na taarifa ifike polisi au kwa wahudumu wa ulinzi wa mtoto.