Walioambiwa Wajitenge



Mada niliyopewa ni utu wa watu wa kawaida na jinsi unavyoifanya dunia ikalike. Ni mada pana, na mtu anaweza kuusifu wema saa nzima watu wakaondoka na kichwa kitupu. Kwa hiyo nimeibana. Nitazungumzia amri moja ambayo katika ukanda wetu huu imetolewa mara nyingi na watu wenye bunduki, na nitazungumzia watu waliosikia amri hiyo wakakataa kuitii. Amri yenyewe ni fupi: jitengeni. Hawa huku, wale kule.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, walikuwa madarasani wakijisomea baada ya chakula cha jioni. Waliingia wapiganaji, wale ambao Wanyarwanda huwaita abacengezi, wakaamuru Wahutu wakae upande wao na Watutsi upande wao. Wanafunzi wakajibu kwamba pale hakuna Mhutu wala Mtutsi, wote ni Wanyarwanda. Zikafuata risasi na maguruneti. Wengine walikufa palepale, wengine wana majeraha mpaka leo. Wiki sita baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Aprili, wapiganaji wengine, wa vita vingine, walivamia bweni la seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi. Amri ilikuwa ileile na jibu likawa lilelile. Vijana 40 waliuawa.

Sasa twende kaskazini mashariki mwa Kenya, tarehe 21 Desemba 2015. Basi limetoka Nairobi, linakwenda Mandera, safari ya takriban kilomita 1,000, na abiria wake zaidi ya 60 wengi ni Waislamu. Karibu na El Wak linasimamishwa kwa risasi na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria wanajua kinachofuata, kwa sababu mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa vivyo hivyo, wasio Waislamu wakatengwa na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda makwao kwa mapumziko ya Krismasi. Siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa Kormey. Aprili 2015 ikaja Garissa, chuo kikuu kama hiki chetu, na humo pia wauaji walitenga kwanza ndipo wakaua.

Ndani ya basi la El Wak, kabla wenye bunduki hawajamaliza kupanga mambo yao, wanawake Waislamu waliwapa wenzao wasio Waislamu mavazi ya stara wajifunike. Naomba tulitazame tendo hili kwa karibu, maana limepita magazetini haraka mno. Mwanamke ameketi karibu na mtu ambaye huenda hamjui hata jina. Anachukua nguo yake anampa. Hamwambii ajifiche chini ya kiti, wala hamwombei tu kimoyomoyo. Anamvisha afanane naye. Mshambuliaji akigundua, mtoaji ndiye atakayeulizwa. Kwa kitambaa kile amejiingiza mwenyewe katika kundi la wanaotafutwa, ilhali angeweza kutulia, akajibu swali la dini yake, akashuka salama, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

Halafu abiria waliposhushwa na kuambiwa wajitenge, walikataa. Waliwaambia wapiganaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini kazi ya kutenga ilishindikana na washambuliaji wakaondoka. Miongoni mwa waliojeruhiwa kwa risasi alikuwa mwalimu Salah Farah, Mwislamu, mmoja wa waliokataa. Alifia hospitalini Nairobi mwezi Januari 2016. Tukio hilo lilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyofika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ni vizuri dunia imeona. Lakini mimi nataka kuuliza swali ambalo filamu ya dakika chache haiwezi kulijibu: watu wale waliandaliwa wapi?

Nauliza kwa sababu siamini kwamba ujasiri wa namna ile huzuka ghafla. Muda hautoshi. Mtu aliyeshikiwa bunduki hapati nafasi ya kukaa na kupima maadili. Anafanya kile ambacho mwili na akili yake vimekwisha kukizoea. Ikiwa amezoea kumwona jirani wa dini nyingine kama mpita njia, atamwacha apite hadi mautini. Kwa hiyo jibu la El Wak tulitafute Mandera kwenyewe, katika mwaka ule uliotangulia. Baada ya mauaji ya Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji waliogopa kurudi kaskazini mashariki, na wengine wakapiga kambi kwenye ofisi za Tume ya Utumishi wa Walimu, Nairobi, wakidai wahamishwe. Shule zikabaki na watoto bila walimu. Mzazi wa Mandera aliona kwa macho yake mgeni alikuwa na maana gani katika maisha yake: ndiye aliyekuwa akimfundisha mwanawe hesabu. Wako watakaosema basi ule haukuwa wema, yalikuwa maslahi. Mimi naona kinyume chake. Kutambua kwamba maisha yako yameshonwa pamoja na ya mwenzako ndiyo mizizi ya huruma, na aliyeitambua kweli hiyo katika mambo ya shule na zahanati yuko tayari zaidi kuitetea barabarani.

Buta nako kuna ushahidi. Mkuu wa seminari ile, Padre Zacharie Bukuru, aliandika kitabu kuhusu vijana wake, na kilichonigusa zaidi humo si kifo chao, ni miaka iliyokitangulia. Tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, Burundi ilikuwa inawaka, na shule zilikuwa zinapasuka kwa ukabila. Pale Buta walichagua kulizungumza jambo lenyewe. Vijana walipewa nafasi ya kusema wazi walichokuwa wakikiogopa na nani aliwaumiza. Walicheza pamoja, walisali pamoja. Kazi hiyo ilichosha, tena ilirudiwarudiwa. Hakuna gazeti lingetuma mwandishi kwenda kuitazama. Lakini siku amri ilipokuja, ilikuta vijana ambao walikwishaulizana maswali yote magumu kabla mwenye bunduki hajawauliza.

Kuna msomi aliyeutumia uhai wake kutafiti jambo hili, naye alikuwa na sababu. Samuel Oliner alizaliwa Poland katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1942 Wanazi waliwaua ndugu zake, yeye akiwa mtoto wa miaka 12, na aliyemwokoa ni mwanamke wa kijijini, Mkristo, aitwaye Balwina Piecuch, aliyemfundisha jinsi ya kuishi kama mtoto wa Kikristo ili asitambuliwe. Oliner alikua, akahamia Marekani, akawa profesa wa sosholojia, na mwaka 1988 yeye na mkewe Pearl walichapisha utafiti kuhusu mamia ya watu waliowaficha Wayahudi wakati wa vita. Nachukua mambo mawili tu kutoka kwao. La kwanza, wengi wa waokoaji wale walikulia nyumba ambamo mtoto alielezwa kosa lake zaidi kuliko kuchapwa, na alifundishwa kwamba watu wa nje ya ukoo na dini yake nao ni watu. La pili ndilo linalonishughulisha zaidi: wengi wao hawakuanza wenyewe. Waliombwa. Mtu alikuja mlangoni, au rafiki alileta habari ya mtu aliyekuwa taabani, nao wakasema ndiyo.

Hili lina uzito kwetu tunaofundisha. Huenda kati yenu humu ukumbini wamo wengi wenye moyo huo, na kilichokosekana ni mtu wa kugonga mlango. Tumezoea kuwahubiria vijana wetu wawe wema, kisha tunaishia hapo. Je, tumewahi kuwaomba jambo mahususi, kwa jina na kwa tarehe?

Nirudi kwenye kutenga. Muuaji wa halaiki hawezi kuanza bila kuchambua watu kama anayechambua mchele, na kwa kazi hiyo anahitaji msaada wetu. Wabelgiji ndio walioanzisha vitambulisho vya kabila nchini Rwanda miaka ya 1930, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, vitambulisho hivyo vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani apite na nani afe. Lakini karatasi haijui nani amejificha nyuma ya ghala. Anayejua ni jirani. Kwa hiyo jirani anayenyamaza, anayedanganya, anayempa mtu nguo yake, anaiharibu mashine nzima mahali inapotegemea mkono wake.

Wilayani Ruhango, katika Rwanda hiyohiyo ya 1994, aliishi bibi mmoja aitwaye Zura Karuhimbi. Alikuwa mjane mzee, mganga wa kienyeji, na silaha hakuwa nayo. Aliwaficha watu chini ya kitanda chake, darini, na shambani. Inasemekana walikuwa zaidi ya 100. Wanamgambo walipokuja, aliwatishia kwamba wakiingia mle watajiletea ghadhabu ya mizimu. Alitikisa bangili zake ili wasikie kishindo cha majini, na alijipaka mwilini na kuipaka nyumba majani yanayowasha, ili kila aliyegusa ajikune na kuamini. Serikali ya Rwanda ilimpa nishani mwaka 2006, naye akafariki Desemba 2018.

Nampenda sana bibi huyu, na nawaomba walimu wa maadili wamfikirie, kwa sababu anatuondolea dhana kwamba huruma ni upole na utii. Bibi Zura alidanganya mchana kweupe. Alitumia ushirikina wa wauaji kuwashinda wauaji. Alikuwa na majani, bangili na sifa ya kuogopwa, basi akavitumia hivyohivyo.

Na hapa lazima niseme jambo linalotuhusu sisi Watanzania, ingawa linauma. Mwanamke wa namna hiyo, mzee, mjane, mwenye dawa za mitishamba, angeishi katika baadhi ya vijiji vya Usukumani, tungemwita mchawi. Vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga katika mikoa ya kanda ya ziwa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale ni mekundu kwa moshi wa kupikia watu chakula maisha yao yote. Ndugu zetu wenye ualbino nao tunajua walivyowindwa. Hatukuhitaji jeshi la waasi kutuamuru tujitenge. Amri ilitolewa na mpiga ramli, na kijiji kikatii, au kikafunga mlango kisisikie. Kwa hiyo tunapoyasema ya Nyange na El Wak, tusiyaseme kama watu waliokaa nje ya habari hii.

Nimeulizwa na wanafunzi wangu zaidi ya mara moja: huruma ya Buta ilisaidia nini, ikiwa vijana 40 walikufa? Swali hilo ni la haki na sitaki kulijibu kwa maneno matamu. Wazazi wao walizika watoto. Huenda kama wangejitenga, nusu wangepona. Ninachoweza kusema ni hiki: wauaji walitaka maiti, na walitaka pia wale watakaopona watoke wakiwa upande wao, watu waliopona kwa kuwaachia wenzao. Hilo hawakulipata. Na waliosalimika Nyange hawalazimiki kuishi na kumbukumbu ya kuwa walinyoosha kidole. Rwanda imewatambua wanafunzi wale, walio hai na waliofariki, kuwa mashujaa wa taifa katika daraja la Imena, na kila tarehe 1 Februari wanakumbukwa. Nchi iliyofanya yale ya 1994 ilihitaji kuwaona watoto wake wenyewe, miaka mitatu tu baadaye, wakikataa.

Sasa ombi langu, maana nimesema watu huombwa. Waliokuwa madarasani Nyange mwaka 1997 wanaelekea umri wa miaka hamsini. Abiria wa El Wak wako hai wengi wao, na Kiswahili chao ni hiki tunachosikilizana nacho sasa. Vyuo vyetu vina idara za historia, za elimu, za sosholojia, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Naiomba Idara ya Historia na wenzetu wa Kitivo cha Elimu tuanzishe kazi ya kukusanya masimulizi yao, kwa idhini yao na kwa utaratibu unaolinda usalama wao. Na tusiwaulize sana kuhusu usiku ule. Wameulizwa hayo vya kutosha. Tuwaulize kuhusu wiki iliyotangulia: walikaa na nani darasani, nani aliwakopesha daftari, nyumbani walisikia nini kuhusu majirani, mwalimu gani alikuwa akiwachanganya kwenye madawati na kwa nini. Majibu hayo ndiyo yatakayotufaa tunapomwandaa mwalimu anayepangiwa kazi Geita au Kigoma. Andiko la mradi nimeshalikabidhi kwa Mkuu wa Idara, na wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili wamekubali kuanza muhula ujao. Tunahitaji nauli zao, na tunahitaji watu wanaojua Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali. Walio humu ukumbini wenye lugha hizo wanione kabla hawajaondoka.