Kosa halikuwa la mtoto, lilikuwa la betri

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye siku ya wazazi katika shule moja ya msingi hapa jijini. Jina la shule sitalitaja, kwanza kwa sababu nitakayoyasema yangeweza kutokea katika shule nyingine yoyote, na pili kwa sababu mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, na soda ikaletwa pamoja na korosho.

Kivutio cha siku hiyo kilikuwa roboti kumi ambazo shule ilipewa msaada mwaka jana. Usidhani ni yale majitu ya chuma ya kwenye sinema. Ni vigari vidogo vya plastiki, vina magurudumu, vina betri tumboni na kijicho kinachotazama sakafu. Mtoto anaandika programu kwenye kishikwambi, yaani anaipangia roboti nenda mbele, pinda kushoto, fuata mstari mweusi, simama, nayo inatii. Ni njia nzuri ya kumfundisha mtoto kufikiri kwa mpangilio, hilo sina ubishi nalo.

Wakaanza watoto wa darasa la sita mkondo A. Roboti zao zikakimbia kama panya, wazazi tukapiga makofi. Ukaja mkondo B, zikaenda vilevile, ingawa moja ilisitasita kwenye kona. Ulipofika mkondo C, akatoka binti mmoja mwembamba, akaweka roboti yake kwenye mstari na kubonyeza. Ikaenda hatua mbili, ikapinda nusu badala ya kupinda robo tatu kama alivyoipangia, ikatoka nje ya mstari, ikazimika. Akaiwasha tena, ikalia kidogo na kuzimika. Wazazi wengine wakacheka. Mwalimu akasema, "Imechoka hiyo, kaa tu."

Baadaye nikamfuata pale alipokuwa amekaa na kishikwambi mapajani.

"Shikamoo," akanisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe ile programu yako."

"Nimeifuta. Ilikuwa na makosa."

Kazi ya majuma mawili, msikilizaji, mtoto ameifuta kwa sababu kifaa kilimwambia amekosea. Na hakukosea. Mwalimu wake mwenyewe alinihakikishia kwamba siku ya Alhamisi, roboti ikiwa na chaji, programu ile ile ilizunguka mstari wote bila kutetereka.

Mimi jambo hili liliniuma kwa sababu yalishawahi kunikuta. Nilipoanza kazi ya redio nilipewa kinasa sauti cha kanda kinachotumia betri mbili. Nikasafiri kutwa nzima kwenda kumhoji mzee mmoja mwenye heshima zake. Niliporudi studio na kuiweka kanda kwenye mashine ya umeme, sauti ya mzee ikatoka nyembamba, ya haraka, kama mtoto anayekimbizwa na nyuki. Betri zilikuwa zimelegea, kanda ikawa inatembea polepole wakati wa kurekodi, na ilipopigwa kwa mwendo wa kawaida ndipo mambo yakawa hayo. Mhariri alinisema mimi, hakuzisema betri.

Basi ndivyo zilivyo na hizi roboti. Betri ikipungua nguvu haikwambii kwanza "nakufa". Mota inazunguka kwa unyonge, kona ya nyuzi 90 inakuwa ya 60, halafu ubongo wa mashine unakosa umeme wa kutosha na kujizima. Hata aina ya betri inaleta tofauti. Chukua roboti ya LEGO Mindstorms ya kwanza, iliyotoka mwaka 1998. Ilitumia betri sita ndogo zile za saizi ya tochi nyembamba. Betri mpya za kutumia na kutupa zina volti 1.5 kila moja, kwa hiyo sita ni volti 9. Ukiweka zile za kuchaji, ambazo ni volti 1.2, unapata 7.2. Mtoto aliyeandika "nenda mbele sekunde mbili" ataona roboti yake inafika hapa leo na kule kesho, ilhali hajagusa kitu. Mwalimu anayelijua hili atamfundisha kuandika "zungusha gurudumu mara tatu" badala ya sekunde, maana gurudumu likizunguka mara tatu ni mara tatu tu, liende haraka au pole.

Sasa kwa nini iwe mkondo C? Nikafanya hesabu na mwalimu. Roboti hizi zikijazwa zinafanya kazi kama saa mbili. Kipindi ni dakika 40. Saa mbili ni vipindi vitatu, na siku hiyo asubuhi zilikuwa zimeshatumika kipindi kizima kwa mazoezi ya mkondo A. Vikabaki viwili. Mkondo A wakaonyesha, B wakaonyesha, C wakakuta makapi. Kumbe hata siku za kawaida za masomo mambo ni hayo hayo, A wanaanza asubuhi, C ni wa mwisho, na katikati hakuna muda wa kuchaji, kwa sababu kujaza betri hizo kunachukua saa nyingi kuliko kuimaliza. Kwa hiyo wapo watoto shuleni pale ambao kwa mwaka mzima wameijua roboti kama kitu kinachogoma.

Nikauliza zinachajiwa wapi. Nikapelekwa ofisi ya walimu. Kuna soketi moja ya matundu mawili. Kwenye tundu la kwanza kuna ekstensheni iliyobeba simu sita za walimu. Kwenye la pili ndipo roboti hukaa, hadi saa nne, wakati wa chai, zinapochomolewa ili birika la umeme lichomekwe. Na aliyechomoa hakumbuki kurudisha.

Mtu atasema umeme ni ghali. Betri ya roboti ya ukubwa huo inabeba kama wati-saa 15. Kumi zote ni 150, na ukiongeza unaopotea njiani tuseme 200, yaani sehemu ya tano ya uniti moja. Birika la wati 2,000 linakula kiasi hicho hicho kwa dakika sita. Kuchaji roboti za shule nzima ni sawa na chai ya asubuhi moja. Hata umeme ukikatika, paneli ya sola ya wati 100 ikipata jua zuri la saa nne au tano inaweza kuifanya kazi hiyo. Shida si gharama, ni kwamba hakuna aliyekabidhiwa.

Mwaka 1949 kule Bristol, Uingereza, mtaalamu wa ubongo William Grey Walter alikuwa na mashine zake mbili zilizoitwa kobe, Elmer na Elsie. Betri ikikaribia kwisha, kobe alijirudisha mwenyewe kwenye kibanda chenye taa na kujichaji. Za shule yetu haziwezi, zinamngoja binadamu.

Lipo jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni likizo ya Desemba. Betri hizi za lithiamu, za jamii moja na za simu, hazipendi kufungiwa kabatini zikiwa tupu. Zinaendelea kujimaliza kidogo kidogo, zikishuka kupita kiasi hukataa chaji moja kwa moja, na Januari mtaambiwa roboti ni mbovu. Ziwekwe zikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pasipo joto kali. Iliyovimba isichajiwe kabisa, itolewe chumbani, maana hiyo inaweza kushika moto. Na zile zinazotumia betri za dukani, betri zitolewe kabla ya kufunga shule, la sivyo zitavuja na kula vyuma.

Jumanne nilipita tena shuleni pale. Mwalimu ameziandika roboti namba kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 10, na ukutani kuna karatasi ya kuonyesha nani ameichaji ipi na lini. Ratiba nayo imegeuzwa, mkondo C wanaanza Jumatano. Birika lilikuwa bado palepale, linachemka.

Yule binti nilimkuta anaandika upya. Alikuwa amefika kwenye kona ya pili, na mbele yake roboti namba 7 ilikuwa imewashwa, ina chaji. Akaniambia kwanza anaitazama taa ya betri, ndipo anaitazama programu.