Lenzi ya Kumpigia Mtoto Picha
Maelezo kwa walaji, Mlali, Wilaya ya Kongwa

Mtoto wa miaka miwili hatulii. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, hufungua tundu lake kufikia f/5.6 tu, uso wa mtoto hutoka umefifia. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Hata hivyo, kwa kamera zenye kihisi kidogo, chumbani itawalazimu kurudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Hapo sisi tungechagua milimita 35.

Lenzi zilizokwisha kutumika ndizo zinazotutia wasiwasi. Lenzi za Nikon za aina ya AF-D hazina mota ndani. Zikifungwa kwenye D3100 au D5300 hazijilengi zenyewe. Lenzi ni nzima, kamera ni nzima, lakini mzazi atabaki akizungusha kwa mkono na mtoto keshakimbia. Muuzaji anayejua hayo akakwambia “inafaa” amekupotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Kwa hiyo nendeni dukani na kamera yenu. Mulikeni lenzi kwa tochi: kuvu huonekana kama utando wa buibui. Mpigeni picha mtu anayetembea, kisha ikuzeni mtazame macho. Daini risiti iliyoandikwa aina kamili ya lenzi. Bila hiyo, malalamiko yenu kwa Tume ya Ushindani yatakuwa magumu kuthibitishwa.