Damu na Kinywa: Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Siku ya Afya, Junju



Ni maeneo machache ya Pwani ambayo wakazi wake wameizoea sindano ya watafiti kama Junju, ambako watoto wamefuatiliwa mwaka baada ya mwaka katika utafiti wa malaria wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989. Haishangazi, basi, mwananchi wa hapa akiuliza kama damu inayofichua malaria yaweza pia kufichua saratani ya kinywa.

Saratani nyingi za kinywa huanzia kwenye seli bapa, yaani seli zinazofunika ulimi na ndani ya mashavu, na uvimbe unapokua humwaga baadhi ya protini zake katika damu. Protini hizo ndizo ziitwazo viashiria vya uvimbe. Kinachotajwa sana ni antijeni ya seli bapa, iliyoelezwa na Kato na Torigoe wa Japani mwaka 1977 katika uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Uvimbe mchanga, kwa bahati mbaya, mara nyingi hauipandishi, ilhali maradhi ya figo au ya ngozi huweza kuipandisha kwa mtu asiye na saratani kabisa. Faida yake huonekana hasa baada ya matibabu: kiwango kilichoshuka kufuatia upasuaji kikianza kupanda tena, daktari hupata sababu ya kuusaka uvimbe uliorudi kabla mgonjwa hajauhisi. Hata hapo, uthibitisho hutoka kwenye kipande cha nyama kilichokatwa na kutazamwa kwa hadubini.

Kinywa, tofauti na ini, hufunguka kikatazamwa. Tambuu yenye tumbaku ilitambuliwa kimataifa kuwa chanzo cha saratani mwaka 1985, na popoo yenyewe baadaye, na mtafunaji huiweka shavuni palepale ambapo tochi ya zahanati hufika bila gharama.

Ombi kwa kaunti, kwa hiyo, ni kwamba kila mtafunaji anayefika zahanati, hata kwa kikohozi tu, aangaliwe mashavu na chini ya ulimi. Mwenye baka jeupe au jekundu, au kidonda kilichopita wiki 2, apewe rufaa siku hiyohiyo. Na fedha za vipimo vya viashiria zitengewe waliokwisha kutibiwa.