Uwakili wa Dawa Chache



Mwaka 1993 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuunda Bohari ya Dawa, ili hospitali za umma zipate dawa. Lakini sheria haihesabu vidonge. Mtu ndiye ahesabuye. Dawa zikiwa tele, kikiibwa kidonge kimoja hakuna aliaye. Zikiadimika, kidonge hicho ni uhai wa mtoto. Ndiyo maana ukaguzi wa Serikali wahitajika zaidi wakati wa uhaba.

Nawe uliyechaguliwa katika kamati ya zahanati, usitie sahihi kupokea shehena usiyoihesabu. Wala tusimhukumu mwuguzi asimamaye mbele ya rafu tupu. Tuulize kwanza ilivyokuwa tupu.

Yule wakili wa Injili ya Luka alidaiwa hesabu ya mali isiyo yake. Nasi tutadaiwa hesabu ya uhai usio wetu. Amina.