Orodha ya Msaada Isomwe Mbele ya Watu



Leo tuongee juu ya orodha. Gari la unga halijafika, lakini ugomvi umekwisha kuanza: nani ameandikwa, nani ameachwa?

Wengi mnakumbuka Goma, Julai 1994. Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache, kipindupindu kikaua maelfu na maelfu. Mashirika, kwa haraka ya kuokoa watu, yaliwaachia wakubwa wa kambi kazi ya kuhesabu watu na kugawa chakula. Wengi wa wakubwa hao ndio walioongoza mauaji ya kimbari kwao. Waliongeza hesabu, wakachukua ziada, wakalisha askari wao. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières liliondoka katika kambi hizo, likikataa kuwatia nguvu wauaji.

Basi wewe chifu, kabla ya kupeleka orodha, isome kwa sauti mbele ya watu wote. Jina la mtu asiyekuwepo litajulikana palepale. Nawe mama, kadi ya familia ishike mwenyewe, simama karibu na mizani, uliza umepangiwa kilo ngapi. Kuuliza si matusi. Mwenye kuogopa kusema hadharani amwendee mgawaji pembeni.

Na wenyeji waliowapokea nyumbani? Mihogo yao nayo imekwisha, kwa kuwalisha ninyi. Waandikwe pamoja nanyi, siku ile ile.