Kupanda Mlima wa Lushoto kwa Pikipiki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya pikipiki na njia za milimani. Ombi hili ni la haki, kwa kuwa siku hizi bwana shamba, bwana afya, afisa elimu wa kata na karani wa halmashauri aghalabu hawaendi tena vijijini kwa miguu. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani peke yao. Lakini mtu akipewa pikipiki hapewi pamoja nayo ujuzi wa mlima, na wengi wetu tulijifunza kuendesha katika nchi tambarare, ambako kosa dogo husamehewa.

Nitatwaa njia moja tu, ile itokayo Mombo kwenda Lushoto, maana ninyi mnaijua. Mombo iko chini penye joto, kando ya reli ya Tanga. Lushoto, ambayo Wadachi waliiita Wilhelmstal, iko juu, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kati ya miji hii miwili ni kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mtu hupanda karibu mita 1,000. Njia ina lami, lakini ni nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, nayo yapinda tena na tena mpaka Soni na kupita. Watumishi wa mahakama waliosoma chuoni huko juu hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Jambo la kwanza ni gia. Katika tambarare mtu hubadili gia anapoona injini imechoka. Mlimani akingoja mpaka hapo, amechelewa. Wakati ule mfupi anapobana klachi hakuna nguvu ifikayo gurudumuni, na mlima hauna subira. Pikipiki hupoteza mwendo mara moja, na gia aliyoikusudia haitoshi tena. Basi gia na ichaguliwe kabla ya kona, pikipiki ingali imesimama wima na mwendo ungali upo. Akiingia konani, kazi yake iwe ni kuangalia mbele na kutia mafuta kwa mkono uliotulia. Mwenye kunyonga mafuta kwa ghafula katikati ya kona, mbele ya mchanga ulioshushwa na mvua, hujikuta gurudumu la nyuma likienda kwake.

La pili, nanyi nisikilizeni vema kwa kuwa sijaona likifundishwa, ni umbo la kona yenyewe. Kona kali ya mlimani hupanda kimo kilekile kwa ndani na kwa nje. Lakini njia ya ndani ni fupi, ya nje ni ndefu. Kwa hiyo ndani ni mwinuko mkali zaidi. Nasi katika nchi yetu twapita kushoto. Kona ikipinda kulia, apandaye yuko nje, penye nafuu. Ikipinda kushoto, yuko ndani, penye ukali wote, na tena mwamba wamzuia kuona kinachokuja. Hapo gia na iwe ya chini zaidi, naye akae katikati ya upande wake, asijibane na mwamba wala asitanuke kulia. Lori lililojaa kabichi na karoti za Usambara, likiteremka kwenda sokoni, hutanuka pia, na dereva wake hana pa kumpisha mtu.

Injini ikizimika juu ya mwinuko, wengi hubana breki ya mkono, yaani ya gurudumu la mbele. Lakini mlimani uzito umehamia nyuma, na gurudumu la mbele limekuwa jepesi. Hufungwa lisizunguke, na bado pikipiki yateleza kurudi. Mguu wa kulia ubaki juu ya breki ya nyuma, wa kushoto ukanyage chini. Abiria ashuke kwanza, ndipo injini iwashwe.

Hewa nayo ina sehemu yake. Hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa kadiri ya sehemu moja katika nane, na injini huishi kwa hewa kama sisi. Yenye kabureta, iliyorekebishwa pwani, hupata petroli nyingi kupita hewa yake. Hukohoa, na plagi yake huwa nyeusi kwa masizi. Pikipiki za namna mpya hujipimia petroli zenyewe, lakini hazina namna ya kuongeza hewa. Mtu asidhani basi kwamba fundi amemwibia akiona nguvu zimepungua.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nafika penye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Pikipiki ndogo ya cc 125 ina uzito wa kilo 110 hivi. Watu wazima wawili pamoja na mzigo wa madaftari au chupa za chanjo huzidi uzito huo, na karibu mzigo wote hukaa nyuma. Gurudumu la mbele, ambalo ndilo liongozalo, huwa kama limeshikwa kwa kamba na kuinuliwa. Hata hivyo mtumishi huandikiwa safari ya Mtae au ya Bumbuli, yeye na mwenzake juu ya pikipiki moja, afike asubuhi na arudi jioni, wakati wa masika, na petroli imehesabiwa kwa kilomita za ramani. Aliyehesabu hivyo hakukumbuka kwamba gia ya chini hula petroli kuliko gia ya juu. Matokeo yake yajulikana: mtumishi hujilipa akiteremka. Huzima injini na kuiacha pikipiki ishuke yenyewe, na breki, zisizo na msaada wa injini, hupata moto mpaka zinakataa. Akianguka, taarifa husema ni uzembe wa dereva.

Mimi siukatai uzembe. Upo, na waendao bila kofia ngumu sitawatetea. Ila katika ajali ya namna hiyo sehemu ya kosa ilitendwa mezani, kwa kalamu. Napendekeza Kamati yetu iandike kwa heshima na kuomba mambo matatu: petroli ya safari za milimani ipimwe kwa kuiendesha njia yenyewe, siyo kwa ramani, watumishi wawili wenye mizigo wasipangiwe pikipiki moja kwenye njia hizo, na siku ya mvua kubwa mtumishi aruhusiwe kulala alikofika, posho yake isikatwe.

Maswali ya kabureta na gia niko tayari kuyajibu sasa hivi. Ya posho, naona Mweka Hazina amekwisha kuinua mkono.